Shati Lisilo na Tundu

4 Machi

Kaka,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, na nisipolisema mwanzoni mwa barua hii sitalisema tena. Zile habari za mashujaa zinazosomwa redioni kila Jumamosi baada ya taarifa ya habari, naziandika mimi.

Mama nimemwambia nimepata kazi ya kupiga chapa barua katika ofisi ya ardhi. Aliyenipeleka ni mwalimu wa insha. Alinisimamisha mbele ya msimamizi akasema, "Huyu haongei, lakini mpe karatasi." Msimamizi akanipa. Tangu siku hiyo nakaa katika chumba kilichokuwa stoo, dirisha linatazama ukuta, na feni huzunguka inapojisikia.

Kazi yenyewe iko hivi. Kutoka huko vitani mliko inakuja karatasi ya kila aliyekufa: jina, namba, kazi yake, tarehe, sababu ya kifo. Sababu huwa neno moja au mawili. Malaria. Ajali. Kuhara. Msimamizi, tunayemwita Kalamu Nyekundu akiwa hayupo, analikata neno hilo na juu yake anaandika jingine: Daraja, au Mlima, au Bendera, au Kuokoa Mwenzake. Hizo ndizo aina nne. Kuna ubao ukutani wa kutukumbusha, maana aina moja haitakiwi kurudiwa Jumamosi mbili mfululizo. Mimi najaza yaliyobaki, pamoja na maneno ya mwisho.

Wa Jumamosi iliyopita alikufa kwa kuhara. Nilimpa Bendera. Mama alilia, akaniambia, "Umesikia, mwanangu? Na kaka yako yuko na watu kama hao." Nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.

Kila Jumatatu ofisi ya uandikishaji inatuletea idadi ya waliojitokeza kwenda jeshini. Kalamu Nyekundu anaibandika chini ya ubao. Siku moja nilijikaza nikamwuliza kwa nini tusiandike ukweli. Akavua miwani, akasugua macho. "Binti, hakuna mzazi anayemtoa mwanawe kwa ajili ya tumbo la kuhara." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi.

Kaka, nafanya vibaya? Nijibu kama unavyonijibu siku zote, usinionee huruma.

Mdogo wako


17 Machi

Bubu wangu,

Barua yako imefika kwa mkono wa mwenzangu wa lori la dawa. Zako zote mpe yeye, asubuhi ya Alhamisi anapopakia. Hizi za posta zinafunguliwa.

Kumbe ni wewe. Huku Jumamosi tunakaa kuizunguka redio kama watu wa bahati nasibu. Habari ikianza tu, kila mtu anataja yake: mimi daraja, mimi mlima. Anayekosea anasugua masufuria. Nimesugua wiki tatu mfululizo, na sasa najua nani wa kumlaumu.

Yule wa bendera tulimjua. Siku ile hatukucheka sana.

Unaniuliza kama unafanya vibaya. Sijui, mdogo wangu. Nimeendesha siku nne, sijui hata leo ni siku gani, hiyo tarehe hapo juu nimeuliza. Mimi kazi yangu ni kupeleka chakula mbele na kurudi na masufuria matupu. Pembeni yangu anakaa mpishi wetu. Tunamwita Ukoko, kwa sababu ule ukoko wa wali hampi mkubwa wala mdogo, anampa anayempenda, na mara nyingi ananipa mimi. Njiani ana kazi moja tu: kuongea ili nisilale. Ataongea habari ya jino lake, habari ya jirani yao, habari ya mbuzi asiyemjua. Akiishiwa anaanza kunitukana, na hapo usingizi unakimbia wenyewe.

Ombi langu ni moja. Nikifa, niandike nilivyokufa, hata kama nimeteleza bafuni na sabuni mkononi.

Mpe Mama salamu. Mwambie nakula.

Kaka yako, dereva


8 Aprili

Kaka,

Hujajibu barua niliyokutumia mwishoni mwa mwezi uliopita, lakini wa lori la dawa anasema barabara ni mbaya.

Labda umesikia ya Jumamosi. Ililetwa karatasi ya mpishi, sababu ya kifo "ajali ya gari, saa saba mchana". Niliposoma neno mpishi, nililirudia mara ya pili. Kisha nikasema wapishi wako wengi, kila kikosi kina wake, na jina lililoandikwa pale halikuniambia kitu, maana wewe hujawahi kuniambia jina la rafiki yako. Kalamu Nyekundu akaandika juu yake: Daraja.

Nilimwandika nikimfikiria Ukoko, kwa sababu ndiye mpishi pekee ninayemjua. Nikamweka darajani peke yake, wenzake wakivuka kurudi nyuma, mwiko umechomekwa kiunoni na bunduki mikononi. Risasi saba kifuani na bado amesimama. Maneno ya mwisho: "Waambieni nyumbani kwamba leo nimewalisha wote."

Maneno hayo yaliposomwa, Mama alizima redio, hakutaka kusikia kingine. Jumatatu idadi ilikuja: mia nne na kumi na mbili, kubwa kuliko zote tangu ubao uwekwe. Kalamu Nyekundu aliniletea soda mezani na kuifungua mwenyewe.

Nilifurahi, Kaka. Hilo ndilo linalonisumbua. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako


19 Aprili

Kwa Bwana uliyeandika habari za mwanangu,

Salamu. Mwandiko wangu si mzuri, utanisamehe. Mimi ni mama wa yule mpishi wa darajani.

Nakushukuru kwa maneno mazuri. Tangu yasomwe, hata watu waliokuwa wanapita mlangoni kwangu kama wanapita kichakani sasa wanabisha hodi. Wameniletea viti. Sikuwa na haja ya viti, lakini nimevipokea.

Bwana, mimi ni dobi wa hospitali, mwaka wa kumi na tisa huu. Nafua mashuka na nguo za majeruhi. Doa nalijua kabla sijalishika. Damu ya jana si sawa na damu ya juzi, na tundu la risasi si sawa na tundu la msumari wala la panya.

Nguo za mwanangu zililetwa kwenye boksi. Zimefuliwa, ila aliyezifua hakujua kufua. Kwenye shati lake kuna doa la mchuzi mkono wa kushoto, dizeli mgongoni, damu kidogo kwenye kola. Tundu hakuna. Nimelinyanyua dirishani nikalitazama kwa mwanga wa jua, mbele na nyuma. Kifua ni kizima. Wewe umesema risasi saba.

Nilifikiri wamekosea wameniletea shati la mtu mwingine. Lakini kifungo cha tatu nilikishona mwenyewe kwa uzi wa kijani, kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha, na uzi wa kijani upo.

Tena mwanangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwoga wa damu. Ukimwambia achinje kuku, anakwenda chooni mpaka wenzake wamalize, kisha anarudi kumpika kama si yeye.

Sikuandikii kwa ugomvi. Nina swali moja tu la mama. Siku ile alipika nini?

Mama wa mpishi


27 Aprili

Mama Mpendwa wa Shujaa,

Ofisi imepokea barua yako na inakushukuru. Taifa linathamini mchango wa mwanao na litamkumbuka daima. Maelezo yaliyotangazwa yalitokana na taarifa rasmi za uwanja wa vita. Tunakuombea subira.

Kwa niaba ya Msimamizi


3 Mei

Mdogo wangu,

Sikukuandikia kwa sababu mkono ulikuwa umefungwa bandeji. Baada ya kufunguliwa sikuwa na sababu nyingine isipokuwa woga.

Yule mpishi ni Ukoko. Dereva nilikuwa mimi.

Hakuna daraja. Hakuna hata mto. Kuna barabara iliyonyooka, jua la utosini, na mtaro pembeni. Mimi nilikuwa siku ya tatu bila usingizi wa maana. Yeye aliamka kabla ya alfajiri kuwasha moto. Tukiwa njiani akanyamaza. Nilidhani anawaza jambo, nikamwacha, maana hata yeye ana haki ya kuwaza. Kumbe alikuwa amelala. Nami nikalala. Nilipozinduka lori lilikuwa limelala ubavu na yeye alikuwa chini yake. Masufuria yote yalipona.

Nilikaa siku kumi nikisubiri mahakama ya kijeshi. Kisha habari yako ikasomwa redioni, na Jumatatu kapteni akaniita. Alikuwa na maneno yako mezani, yamepigwa chapa. Akasema, "Dereva, una bahati. Aliyekufa darajani hakufa ndani ya lori lako. Kwa hiyo lori lako halikupinduka. Kwa hiyo hukulala." Akanisukumia karatasi. "Ila ulikuwepo. Wewe ndiye wa mwisho kuvuka. Kariri."

Nimekariri. Unaandika vizuri, Bubu. Wananizungusha mijini, nasimama jukwaani karibu na meza ya waandikishaji, nasimulia.

Umeniokoa jela bila kujua. Sijakukasirikia. Kama nimekusamehe au la, nitakuambia nikishapumzika. Kwa sasa sijui.

Kaka yako


12 Mei

Kwa Bwana mwandishi,

Jibu lako nimelipata. Nimelisoma mara mbili nikimtafuta mwanangu ndani yake. Hamo.

Sitakusumbua tena baada ya hii. Nimebaki na mtoto mmoja, kitindamimba wangu, msichana. Amemaliza shule mwaka huu. Juzi nimerudi kazini nimekuta amekata nywele zote. Anasema anakwenda kulilinda daraja la kaka yake. Jumatatu ya tarehe moja Juni anajiandikisha.

Nimemwonyesha shati. Nikamwambia, "Hebu tazama, tundu liko wapi?" Akasema, "Mama, labda alikuwa amelivua." Nikamwambia, "Nani anavua shati kwenye risasi?" Akasema, "Mashujaa si kama sisi." Nikalikunja shati. Wewe umemfundisha maneno, mimi nina shati tu.

Bwana, sitaki kujua siri za serikali. Kama daraja lipo, niambie liko wapi, nami nitamfungia mwanangu mzigo wake aende. Kama halipo, niambie hivyo hivyo. Nimechoka kulinyanyua shati hili dirishani.

Mama wa mpishi


15 Mei

Kaka,

Nakuambatishia nakala za barua mbili za mama yake Ukoko. Nimezinakili kwa mkono, zenyewe ziko kwenye faili.

Lile jibu la tarehe ishirini na saba ni langu. Lipo tayari limechapwa, tunajaza tarehe tu. Nililijaza nikiwa sijajua kwamba ni Ukoko, lakini habari ya shati nilikwisha kuisoma, na bado nikajaza.

Hakuna aliyekumbuka kwamba nguo hurudishwa nyumbani, Kaka. Miezi yote hii tumewapiga watu risasi kwenye karatasi, na mashati yao yanakwenda kwa mama zao yakiwa mazima.

Nataka kumwambia. Msichana huyo amemaliza shule mwaka mmoja na mimi. Lakini nikisema hakuna daraja, nitaulizwa kuna nini, na kilichopo ni wewe. Niambie nifanye nini. Zimebaki siku kumi na saba.

Mdogo wako


25 Mei

Bubu,

Usimwambie. Nimeanza na hilo ili usisome barua yote ukilitafuta.

Naogopa. Kulala kwenye usukani na kuua ni miaka mingi, na kudanganya jukwaani juu yake sijui ni mingapi. Mama naye umemfikiria? Mama wa watu na angoje hadi vita viishe. Hata vita huisha.

Lakini kuna jambo jingine. Mara ya kwanza jukwaani nilitetemeka, watu wakadhani ni uchungu. Mara ya pili nilisema vizuri. Mara ya tatu nililiona daraja. Lina nguzo za chuma, moja imepinda. Wewe hukuandika nguzo. Sasa nikifumba macho namwona Ukoko amesimama pale, na yule aliyekuwa pembeni yangu ndani ya lori anaanza kufifia. Kwa hiyo nakuandikia haraka, kabla daraja halijammaliza.

Siku ile alipika wali na maharage. Maharage yalizidi chumvi. Alipita kwa kila mtu na sahani yake akisema, "Leo mkono umeteleza, kunyweni maji." Ukoko wa wali aliuweka kwenye kifuniko cha sufuria, akaufunga kwa karatasi, akauweka juu ya dashibodi, akaniambia, "Huu wako, ila usile kabla hatujafika, ukishiba wewe unasinzia." Sikuula.

Njiani alikuwa ananisimulia jinsi mdogo wake, akiwa na miaka mitano, alivyojificha ndani ya kapu la mashuka machafu kazini kwa mama yao, wakamtafuta hospitali nzima mpaka chumba cha maiti. Akafika hapo, akapiga miayo, akasema, "Ngoja nikuambie alivyopatikana." Hakuendelea.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Hayamo kwenye aina zenu nne. Yaweke mahali, usimwambie mtu. Yaweke tu.

Kaka yako


28 Mei

Mama,

Kwanza, mimi si bwana. Mimi ni msichana, umri wangu ni kama wa binti yako. Nimemaliza shule mwaka huu. Ndimi niliyeandika habari za mwanao, na ndimi niliyekujibu ile barua ambayo hamo ndani yake. Naomba unisamehe, na usipoweza nitaelewa.

Daraja halipo. Nimeliandika nikiwa nimekaa kwenye kiti, feni imesimama. Pale alipofia mwanao hakuna mto. Risasi hazikuwepo. Shati lako linasema kweli tupu: mchuzi, dizeli, na damu kidogo kwenye kola. Lori la chakula lilipinduka saa saba mchana kwa sababu dereva alilala. Mwanao alikuwa amelala pia, kwa sababu aliamka kabla ya alfajiri kuwasha moto. Hakuna aliyewashambulia. Walikuwa wamechoka.

Uliniuliza alipika nini. Alipika wali na maharage. Chumvi ilizidi, akapita kwa kila mtu kuomba radhi na kuwaambia wanywe maji. Ukoko wa wali alimwekea dereva, akauweka mbele yao, akamkataza kuula kabla hawajafika. Wenzake walimwita jina hilo, Ukoko. Sijui kama alikuambia.

Yale maneno ya mwisho ya redioni ni yangu. Yake ni haya. Alikuwa anamsimulia dereva jinsi mdogo wake alivyojificha ndani ya kapu la mashuka kazini kwako, akiwa na miaka mitano, mkamtafuta hadi chumba cha maiti. Akasema, "Ngoja nikuambie alivyopatikana," usingizi ukamchukua. Dereva hajui mwisho wake mpaka leo. Wewe unaujua, na binti yako anaujua.

Msomee sehemu hii kabla ya Jumatatu. Mwambie kwamba kaka yake hakuacha daraja la kulindwa. Aliacha habari ya mdogo wake, ikiwa katikati. Akinuna, mnyanyulie shati tena. Akisema mashujaa si kama sisi, mwambie aliyemtengeneza shujaa huyo anaogopa hata kumwomba dereva wa basi asimame, na barua hii anakuja kuiacha mwenyewe mlangoni pa chumba chako cha kufulia, kisha atakimbia. Ukiona msichana anakimbia kwenye ukumbi wa hospitali, ni mimi.

Natamani ningekuambia kwamba nimeacha kazi. Sijaacha. Kwa Jumamosi hii nimepewa Mlima. Karatasi iko mbele yangu tangu asubuhi, na kila nikishika kalamu nawaza shati lake, liko kwenye boksi gani, linakwenda kwa mama yupi. Sijui nitaandika nini. Sijalala vizuri tangu barua yako ya pili.

Limebaki moja, na nilitaka kulificha. Dereva ni kaka yangu. Nilimwomba ruhusa ya kukuambia, akakataa, nami nimekuambia. Watu wakijua, atafungwa, na aliyemfunga nitakuwa mimi, kwa mkono huu huu uliomwokoa bila kujua. Nimekuwekea kaka yangu mikononi, Mama, kama ulivyoniwekea binti yako. Sina njia nyingine ya kukuonyesha kwamba safari hii sidanganyi.

Ukishamsomea binti yako, itie barua hii kwenye pipa la maji ya moto na dawa ya madoa. Wino ni wa ofisi, hautoki upesi, acha ulowe hadi kesho yake. Shati usilifue tena. Na haya niliyokuambia yaishie kwenu wawili. Jirani akiuliza mbona binti hakwenda, sema ni mgonjwa, sema umemkatalia, sema lolote. Usimwambie mtu, Mama. Nakuomba.

Mimi, niliyeandika daraja